NJOO NA CHUPA YAKO, LAKINI SIYO HIYO!

Jumapili iliyopita nusura nitoke kwenye kikao cha harusi nikiwa na ngeu. Ilikuwaje? Vuta kigoda nikumegee.

Mdogo wake rafiki yangu anaoa mwezi ujao, na kama kawaida yao wameniweka kamati ya vinywaji. (Kwa nini kila harusi mimi ni kamati ya vinywaji na siyo ya keki wala ya mapambo, hilo nawaachia ninyi mnaonijua.) Basi bwana, tulikuwa tumeshapiga hesabu zetu, tumeshampata mtu wa jumla wa kutupa bia na soda kwa bei ya kishikaji, mara mwenyekiti akatoa karatasi ya mwenye ukumbi. Imeandikwa: wateja mnaruhusiwa kuja na vinywaji vyenu, ila kila kreti italipiwa shilingi elfu kumi za kokeji. Yaani kreti ni lako, bia ni yako, koo ni lako, na kufungua mtafungua wenyewe kwa meno, lakini jamaa anachukua chake pale mlangoni kama mtoza ushuru wa sokoni.

Kasheshe ikaanzia hapo. Mmoja akasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akataka tuhame ukumbi. Katibu akamjibu kwamba kwingine alikoulizia hawaruhusu hata chupa ya maji ya kunywa kutoka nje, kila kitu ununue kwao kwa bei yao. Mimi nikanyoosha kidole. Nikasema, jamani, kuna mahali hapa duniani mwenye mgahawa akikudai hata senti tano kwa ajili ya chupa uliyokuja nayo, yeye ndiye anayesimamishwa mbele ya hakimu.

Wakacheka mpaka mhazini akapaliwa na soda. Mwenyekiti akaniambia kamba hizo nikawauzie wasomaji wangu. Nikamwambia sawa, mzee. Ndizo hizi, na wala siyo kamba.

Mwaka jana nilikwenda Marekani kumsalimia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anaishi na mumewe pale Philadelphia. Si unajua tena, huwezi kwenda kwa shemeji mikono mitupu. Dada nilimbebea vitenge na dagaa (dagaa walifungwa mara nne ili wasije wakaniumbua uwanja wa ndege), na shemeji nikamchukulia Konyagi chupa kubwa. Kule ukishatimiza miaka 21 wanakuruhusu kuingia na lita moja ya kilaji bila ushuru, kwa hiyo nilipita pale forodhani kifua mbele kama balozi.

Jumamosi ya kwanza dada akasema, leo hatupiki, tunavuka mto tukale kwa dada wa Tanga. Huyo dada wa Tanga ni mama mmoja mpishi hodari, ana mgahawa wake mdogo upande wa New Jersey. Mji wenyewe siutaji, na mwisho wa hadithi utaelewa kwa nini. Kutoka Philadelphia ukivuka mto Delaware kwa treni au gari, unakuwa umeingia jimbo jingine kabisa, kama vile mtu wa Kigamboni anavyovuka kuja mjini, tofauti ni kwamba ukifika ng'ambo sheria nazo zimebadilika. Kwetu hapa ukivuka kinachobadilika ni nauli tu.

Dada akaniambia, "Beba na kinywaji, kule ni BYOB." Nikauliza ndiyo nini hiyo, ugonjwa? Akacheka, akasema hizo herufi nne maana yake ni njoo na chupa yako mwenyewe. Mgahawa hauuzi pombe. Unakuja na yako, unakunywa na chakula chao, hulipii kitu. Msomaji, mimi niliyezoea vibao vya "vinywaji kutoka nje haviruhusiwi" vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu, nikajiona nimefika peponi bila kufa.

Shemeji akapitia duka la serikali kununua mvinyo. Ndiyo, la serikali! Pennsylvania mvinyo na pombe kali kwa miaka mingi ziliuzwa na jimbo lenyewe kwenye maduka yake, utaratibu ulioanza 1933 mara tu marufuku ya pombe ya Marekani nzima ilipofutwa. Mpaka 2016 ndipo sheria ilipolegezwa, na baadhi ya maduka ya vyakula yakaruhusiwa kuuza mvinyo nayo. Pombe kali bado unakwenda kwa serikali. Shemeji akaniuliza, na wewe nikuchukulie nini? Nikamwambia usijali shemeji, mie nimeshajipanga. Nilikuwa nimeirudisha ile Konyagi mwenyewe kwenye begi, nikijua nampelekea zawadi yake huku na mimi nikijisaidia. Mtu wa Dar hapotezi.

Tukafika. Mgahawa wenyewe meza kumi, siku ya Jumamosi zote zimejaa. Wali wa nazi unanukia mpaka barabarani, kuku wa kupaka, samaki, maharage ya nazi. Wateja wengi ni Wamarekani, kila meza na chupa yake. Hawa wamekuja na mvinyo kwenye mfuko wa karatasi, wale wamebeba kiboksi cha barafu na bia sita, kule wazee wawili wana kifungulio chao binafsi. Msichana anayehudumu anawaletea glasi na barafu, basi. Nikasema hapa ndipo penyewe. Nikaitoa Konyagi nikaisimamisha katikati ya meza kama kombe la ligi.

Yule msichana alivyoiona alibadilika uso. Akaisogelea, akasoma karatasi ya chupa, akaondoka mbio kuelekea jikoni. Nikamwambia dada, ona, ameipenda.

Kumbe amekwenda kumwita mwenyewe. Akatoka dada wa Tanga, aproni kiunoni, mwiko mkononi, sura ya ukarimu lakini macho yamekaa kikazi.

"Kaka'ngu, karibu sana. Lakini hiyo siyo. Irudishe kwenye begi."

Nikadhani ananitania. "Dada, si umesema tuje na chupa?"

"Chupa ya mvinyo au ya bia. Hiyo ni pombe kali, hairuhusiwi hapa. Irudishe tafadhali, kabla hajaingia mtu."

Nikairudisha. Ila moyoni, msomaji wangu sikufichi, niliona kama ananinyanyapaa. Nikasema huyu kashakuwa mtasha, kasahau kwao. Mvinyo wa shemeji nao haukunipanda, mie mvinyo naona kama shira ya ubani. Basi nikafanya kile ambacho na wewe ungekifanya, usijifanye mtakatifu. Nikaagiza soda. Nikanywa nusu. Nikainama chini ya meza nikizuga nafunga kamba za kiatu, nikaijaza ile glasi Konyagi.

Raha ilidumu kama dakika saba. Mlango ukafunguliwa, akaingia njagu. Ndiyo, polisi mzima mzima, na bastola kiunoni, redio inakoroma begani. Nikasikia tumbo limecheza mdundiko. Glasi iko mezani, chupa iko miguuni imefunguliwa, na mie mgeni wa siku tano kwenye nchi ya watu. Nikamwangalia dada wa Tanga pale kaunta. Alikuwa anamtabasamia yule polisi, lakini macho yake yalipita kwangu, yakatua kwenye glasi, yakapanda tena usoni kwangu. Alijua. Mama aliyekulia Tanga asijue harufu ya Konyagi?

Polisi alikuwa amekuja kuchukua chakula chake alichoagiza kwa simu. Akalipa, akasema kitu wakacheka, akaondoka na kuku wake wa kupaka. Hakuna aliyekamatwa. Ila yule dada alikuja mezani, akaichukua ile glasi bila neno, akaenda kuimwaga. Akarudi na glasi ya maji. Akaniinamia sikioni.

"Kaka, unataka nirudi Tanga na sufuria zangu?"

Hakupaza sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Tulikaa mpaka wateja wakaisha. Dada yangu hakunisemesha muda wote, na shemeji alikuwa anasoma orodha ya vyakula aliyokwisha kuisoma mara kumi. Mlango ulipofungwa nikaingia jikoni kuomba radhi, nikamkuta anasugua masufuria. Nikashika kitambaa nikaanza kukausha glasi. Ndiyo adhabu niliyojipa. Na pale kwenye beseni la vyombo ndipo nilipopata darasa, maana mama yule sheria za pombe za jimbo lile anazijua kuliko wanavyozijua wakili wengine.

Nilimuuliza swali la kijinga: si ukate leseni uuze mwenyewe, uachane na mambo ya watu kuja na vichupa?

Alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Akasema leseni New Jersey haikatwi, inawindwa. Iko sheria ya 1947 iliyoweka ukomo wa leseni kwa kila mji kufuata idadi ya watu. Hesabu yenyewe ni leseni 1 ya kuuzia watu wanywe hapo hapo kwa kila wakazi 3,000. Mji wa watu 9,000 unastahili leseni tatu. Zikiisha zimeisha, hata uwe unapika kama malaika. Mahoteli ya vyumba 100 na zaidi yana mlango wao maalumu, lakini mtu wa meza kumi ana mlango gani? Abaki kumsubiri aliyenayo achoke au afe, amwuzie. Na kwa kuwa haziongezeki, bei yake imepaa. Miji mingine leseni moja inauzwa dola laki kadhaa, na iko ambako imevuka dola milioni moja. Leseni tu! Siyo jengo, siyo majiko, siyo bia. Karatasi.

Nikamwambia kwetu hiyo tungeiita kiwanja cha Kariakoo. Akasema ndiyo hivyo hivyo, watu wamekopa benki ili wazinunue karatasi zile. Wengine wanazo kabatini hawazitumii miaka nenda miaka rudi, wanasubiri bei.

Hapo nikakumbuka mambo ya kwetu. Hapa leseni ya vileo unaifuata halmashauri, na hakuna anayekwenda kuhesabu vichwa vya mtaa wenu kwanza. Ndiyo maana mtaa mmoja una baa saba, na kila moja imeelekeza spika zake kwenye dirisha lako. Sisemi huo ndio utaratibu mzuri. Nakaa nyuma ya mojawapo, usingizi wangu naujua mwenyewe.

Sasa, kwa wale ambao hawana laki kadhaa za dola, jimbo limeacha kidirisha kimoja. Mgahawa usio na leseni unaweza kuwaruhusu wateja wake wanywe mvinyo au bia waliyokuja nayo. Lakini kidirisha kina nondo. Ya kwanza, halmashauri ya mji inaweza kupiga marufuku kabisa kwa sheria yake ndogo. Mji huu ruksa, ukivuka barabara mji wa pili marufuku. Halafu mwenye mgahawa haruhusiwi kutoza chochote kwa sababu ya ile chupa, iwe kiingilio, iwe ya kufungua, iwe ya huduma. Glasi atakupa, barafu atakupa, akuandikie bili yake hapana. Asimruhusu aliye chini ya miaka 21. Asimruhusu ambaye tayari anaonekana kalewa. Na saa ambazo baa za mji ule haziruhusiwi kuuza, na kwake chupa zifungwe.

"Na pombe kali?" nikauliza, ingawa jibu nilishalinywa.

"Pombe kali haimo kabisa. Sheria imetaja mvinyo na bia, basi."

"Ukikamatwa?"

Akaacha kusugua. "Ni kosa la jinai, dogo, lakini ni kosa. Faini siyo inayonitisha. Hakimu anaweza akaniandikia kwamba kuanzia leo hapa kwangu mtu haji na chupa tena. Sasa niambie kaka, watu wa hapa Jumamosi usiku watakuja kula kuku kwa maji?"

Msomaji, nilikausha glasi moja mpaka ikataka kuvunjika. Maana zile meza kumi nilikuwa nimeziona. Kila meza ilikuwa na chupa. Mtu anakuja kwake kwa sababu kwenye mgahawa wenye leseni chupa ya mvinyo ya dola 15 anauziwa dola 45, akija kwake anabaki na tofauti yake mfukoni, ndiyo anaagizia samaki wa pili. Ukiiondoa chupa umeondoa mteja. Na mimi kwa soda yangu ya kizushi nilikuwa nataka kumfungia duka mama wa watu, ambaye saa ile ilikuwa saa sita usiku yuko miguuni tangu asubuhi.

Usidhani anauona utaratibu ule mtamu. Alinieleza kwamba biashara ya mgahawa faida yake nono iko kwenye kinywaji. Chakula kina nyama, kina mafuta, kina mpishi, kina kuharibika. Bia unaifungua tu. Yeye anaishi na upande mgumu peke yake. Wateja wakija na chupa mbili wanakaa saa tatu, wanaongea, wanacheka, na wengine wako nje kwenye baridi wanasubiri meza. Huwezi kumwambia mtu ondoka wakati chupa yake haijaisha. Glasi zinavunjika, kuosha ni maji na sabuni yake, na sheria inasema asidai kitu. "Nawafanyia kazi ya baa bila mshahara wa baa," alisema.

Halafu akanionyesha dirishani, taa za ng'ambo. Akasema ona ule upande, Philadelphia, wanakokaa dada yako na mumewe. Kule nako leseni zimefungwa kwa hesabu ya watu, 1 kwa kila 3,000 katika wilaya, na kule nako migahawa ya njoo na chupa yako imejaa tele. Lakini sheria ya jimbo lile haimkatazi mwenye mgahawa kutoza ada ya kufungua chupa. Na haiwalazimishi watu waje na mvinyo na bia tu.

Nikamuuliza, ina maana Konyagi yangu...

"Ungekula kule, ungeiweka mezani mchana kweupe, kama mwenyewe angekubali. Umevuka mto bure."

Hapo hata shemeji aliyekuwa ameegemea mlango alishindwa kujizuia, akacheka. Dada yangu naye akaachia kidogo.

Kutoka usiku ule nikawa na udadisi. Siku zilizobaki nikawa namsumbua shemeji anizungushe. Alinipeleka Collingswood, mji mdogo uko kwenye njia ya treni hiyo hiyo, unaojulikana kwa migahawa yake ya namna ile. Jioni ukipita barabara ya Haddon Avenue unaona watu wameshika mifuko myembamba mirefu, kila mmoja na shingo ya chupa imechungulia, wanaelekea kula kama waumini wanaokwenda na vitabu vyao. Migahawa imekalia sehemu kubwa ya mtaa. Nilisimama nikajiuliza, hivi hapa bei ya leseni moja ingetakiwa kwa kila mlango, nani kati ya hawa angefungua?

Siku nyingine tukaenda ufukweni, Ocean City. Huo ni mji ulioanzishwa 1879 na wachungaji wa Kimethodisti, na kwao pombe haiuzwi, si dukani si mgahawani. Kibaya zaidi (au kizuri zaidi, inategemea unasalia wapi), hata kuja na yako mgahawani ni marufuku. Wenye migahawa walilia kwamba watalii wanawakimbia jioni, wanavuka daraja kwenda kula mji jirani. Jambo likapelekwa kwenye kura mwezi Mei 2012. Wakazi wakaikataa njoo na chupa yako kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Nikamuuliza mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja tukila ice cream kama anaona sawa. Akasema kila mtu akitaka kunywa anywe kwake, ila ufukwe wao uko salama kwa watoto, na wanaotaka baa wana pwani nzima ya kuchagua. Sikuwa na la kumjibu. Nilimfikiria mwenye mgahawa wa pale, nikamfikiria na mzee, kila mmoja nikaona ana lake.

Lakini uhondo ulioniacha hoi ni huu. Kwa miaka mingi sheria ya New Jersey ilimkataza mwenye mgahawa wa namna ile kutangaza kwamba wateja waje na chupa. Asibandike kibao, asitie gazetini. Yaani jambo ni halali ila kulisema ni haramu. Watu walikuwa wanajua kwa kunong'onezana, kama sisi tunavyojua kwa mama lishe gani kuna supu ya pweza. Unajua nani aliivunja sheria hiyo? Siyo mpishi, siyo chama cha wenye migahawa. Ni klabu moja ya wanenguaji wasio na nguo ya Atlantic City! Ilikuwa haina leseni ya pombe, wateja wake wanakuja na zao, ikataka kuwatangazia. Ikaenda mahakama ya shirikisho, na 2018 jaji akasema katazo lile linavunja uhuru wa kusema. Nilipomweleza dada wa Tanga kwamba kibao chake cha dirishani anadaiwa asante na wale mabinti, alijishika kichwa. Akasema hiyo usiiandike. Nimeiandika, dada, nisamehe na hili.

Wanasiasa nao walijaribu kuigusa ile ya 1947. Januari 2023 gavana wa wakati huo, Phil Murphy, alitaka ule ukomo wa leseni uondolewe taratibu. Unadhani nani walipiga kelele? Si walokole. Wenye leseni! Mtu amekopa laki kadhaa za dola kununua karatasi, halafu kesho karatasi hiyo hiyo atapewa jirani yake kwa bei ya kawaida? Wakakaba. Mwishowe Januari 2024 ikasainiwa sheria ya maelewano: viwanda vidogo vya bia vikalegezewa masharti, na zile leseni zilizolala kabatini zikawekewa njia ya kurudishwa kwenye matumizi. Ukomo ukabaki palepale. Dada wa Tanga alifuatilia ile habari mwanzo mpaka mwisho. Aliniambia siku gavana aliyotoa hotuba alipiga simu kwa mumewe kazini, akamwambia tuanze kuweka akiba. Mwaka mmoja baadaye akiba ile wakanunulia jokofu.

Mgahawa wake haufunguliwi Jumatatu. Jumatatu kabla sijaondoka alikuja kwa dada yangu kutuaga, amevaa dera, amepumzika, unaweza ukamsahau. Shemeji akaleta Konyagi yake (ilikuwa imepungua, siwezi kukana) akaiweka mezani. Nikakaa kimya. Nilikuwa nimeapa chupa ile sitaigusa mbele ya macho yake.

Dada wa Tanga akaivuta, akaigeuza, akasoma maandishi yote taratibu kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Akasema ana miaka tisa hajaionja. Akaniambia, "Kaka, hapa siyo mgahawani. Kakate ndimu."

Nikakata ndimu.

Basi hayo ndiyo niliyowasimulia pale kikaoni, nikiwa nimesimama kama wakili. Nilipomaliza wakatulia kidogo. Yule mama wa upande wa bibi harusi akauliza, kwa hiyo mwenye ukumbi tumlipe au tusimlipe? Nikasema, jamani, anaosha glasi, ana mlinzi, ana umeme, chetu tunakuja nacho na uchafu wetu tunamwachia. Elfu kumi kwa kreti ni ukauzu, lakini bure nayo siyo. Tumpelekee elfu tano, na tumwombe barafu.

Mwenyekiti amenituma mimi nikaongee naye. Naenda Alhamisi jioni, na safari hii begi nimeliacha nyumbani. Tukutane wiki ijayo nikueleze alivyonijibu.